Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Bagamoyo Imejifunza Nini kwa Wageni Wake?



Wiki chache zilizopita nilikuwa kwenye kijiji kimoja cha pwani, kaskazini mwa mji wa Bagamoyo. Nilikwenda kukagua mihogo iliyoshikwa na batobato na kupanga na wakulima jinsi ya kupata mbegu safi. Tulimaliza shambani kama saa nne, tukaja kukaa chini ya mwembe. Lakini kikao hakikuzungumzia mihogo hata kidogo. Watu walikuwa na habari moja tu: kuna mtu ameomba eneo la ufukweni ajenge kambi ya watalii, na mkutano mkuu wa kijiji umeshaitishwa.

Vijana walitaka akubaliwe hata kesho, maana wanatafuta ajira. Wavuvi waliuliza ngalawa zao zitavutwa wapi. Mama mmoja anayeuza maandazi na samaki wa kukaanga alisema yeye hana neno, mradi hao wageni wale kwake. Kisha mzee mmoja akanigeukia:

"Bwana shamba, sisi hapa wageni tumewaona tangu enzi za mababu. Misafara imepita, Waarabu wamekuja, Wajerumani wamekuja, Waingereza wamekuja. Wewe uliyesoma hebu tuambie: kila mgeni alipoondoka, mwenyeji alibaki na nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwomba radhi nikamwambia, "Mzee wangu, nipe muda." Leo naweka jembe pembeni kidogo nimjibu yeye, na nikujibu wewe pia, maana swali hili linagonga kila mlango kuanzia Mbweni mpaka Saadani. Ukiwa na shamba karibu na barabara ya watalii, ukiwa na genge, ukivua, ukisuka mikeka, au kijiji chako kikiwa na ufukwe mzuri, siku moja utaulizwa unaonaje. Ni vizuri uwe unajua waliokutangulia walifanya nini.

Enzi za misafara: nani alikula na mgeni?

Kabla ya Bagamoyo kuvuma, mji wa wageni ulikuwa Kaole, kilomita chache kusini. Magofu ya msikiti na makaburi yaliyopo pale yanaonyesha kuwa watu walikuwa wakiishi, wakisali na kufanya biashara na ng'ambo tangu karne ya 13. Wenyeji wa mwambao huu, Washomvi, waliishi kwa samaki, chumvi na biashara. Nyuma yao, bara kidogo, walikuwa Wazaramo, wakulima.

Masimulizi ya Bagamoyo yanasema kwamba Washomvi waliposhambuliwa na Wakamba waliomba msaada kwa Wazaramo, chini ya kiongozi wao Pazi Kilama. Adui akafukuzwa. Baada ya hapo wakapatana kwamba Wazaramo watapewa fungu lao kila mwaka, fungu lililoitwa kanda la pazi. Litazame vizuri jambo hili. Watu wa mjini walitambua kuwa mji wao hauwezi kukaa salama bila jirani wa shambani, na jirani huyo hakuambiwa asante tu. Alitengewa fungu linalojulikana. Huo ulikuwa mgawanyo wa mapato kabla ya neno hilo kuingia kwenye semina zetu.

Karne ya 19 Bagamoyo ikawa mlango mkubwa wa bara. Pembe za ndovu zilitoka Ujiji na Tabora zikashuka hapa, kisha zikavushwa kwa majahazi kwenda Unguja. Burton na Speke walianzia safari yao mwambao huu mwaka 1857. Stanley aliondokea Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone. Mwaka 1874 Chuma, Susi na wenzao walifika hapa na mwili wa Livingstone baada ya kuubeba kutoka bara ya mbali. Tena tusisahau kwamba wengi hawakufika kama wageni. Walifika wamefungwa minyororo, wakauzwa.

Kila mwaka maelfu ya wapagazi, hasa Wanyamwezi, walifika mjini. Hawa walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Kila mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na kabla ya kuuinua alipatana mshahara na posho. Posho ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, au kitambaa cha kununulia chakula. Mzigo ukizidi au posho ikipungua, waligoma au waliuacha mzigo njiani. Tajiri hakuwa na la kufanya, kwa sababu pembe haitembei yenyewe.

Sasa piga hesabu kama mfanyabiashara. Watu maelfu wako mjini, wanasubiri msafara ukamilike, na kila mmoja anakula kibaba chake. Chakula hicho kilitoka mashambani. Mkulima wa Uzaramo na wa bonde la mto Ruvu, ambao zamani uliitwa Kingani, alikuwa na soko mlangoni. Mwenye nyumba alipangisha, mvuvi aliuza samaki, na majumbe wa mji walipata ada zao kwa misafara iliyopita.

Hata hivyo faida nene haikulala Bagamoyo. Iliendwa na wenye mtaji: wafanyabiashara wa Kihindi waliokopesha nguo na shanga, matajiri wa pembe, na forodha ya Sultani wa Unguja. Mmoja wa matajiri wa hapa, Sewa Haji Paroo, aliyekuwa akiandaa misafara, alirudisha sehemu ya mali yake kwa watu. Mwaka 1896 alitoa jengo Bagamoyo liwe shule ya watoto wa rangi zote. Hospitali ya Muhimbili mpaka leo ina jengo lenye jina lake. Tunamshukuru. Lakini sadaka ya tajiri mmoja hutoka kwa huruma yake, na huruma haina ratiba. Fungu lililopatanwa, kama kanda la pazi, lina tarehe yake.

Somo la kwanza basi ni hili: aliyekula na mgeni ni yule aliyeshika kitu ambacho mgeni hawezi kwenda bila hicho, tena akapatana bei mapema. Mpagazi alishika mabega yake, mkulima alishika chakula, jumbe alishika njia. Aliyesimama kando ya njia akisubiri fadhila alipata makombo.

Siku mgeni alipobadili njia

Mwezi Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilishika forodha za mwambao kwa mkataba iliofunga na Sultani wa Unguja. Majumbe na watu wa pwani hawakuulizwa, wakati ada na heshima zao zilikuwa zinaondoka. Vita vikawaka kutoka Pangani mpaka kusini. Abushiri bin Salim aliongoza mapambano mpaka aliponyongwa Pangani Desemba 1889. Bwana Heri wa Saadani aliendelea kupigana mpaka mwaka 1890. Hiyo ndiyo gharama ya mkataba unaohusu mlango wa watu bila wenye mlango kuwepo.

Bagamoyo ikawa makao makuu ya Wajerumani kwa muda mfupi tu. Mwaka 1891 wakahamishia makao Dar es Salaam. Sababu kubwa unaweza kuiona mwenyewe maji yakitoka: pwani yetu ina maji mafupi, meli kubwa haikaribii, wakati Dar es Salaam ina bandari ya kina. Mwaka 1905 wakaanza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Pembe na mizigo ikapanda treni. Mpagazi akakosa kazi, na mji uliokuwa ukilisha maelfu ukanyamaza.

Waliopona ni akina nani? Ni wale waliokuwa na minazi, mihogo, mpunga, nyavu na mashamba ya chumvi. Vitu hivyo havikupanda treni.

Usidhani hayo ni ya kale tu. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa nje zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga safari za dunia, wakashuka hadi kama laki 6 na elfu 20. Hakuna mwanakijiji wa Bagamoyo aliyekosea jambo lolote. Mgeni alibaki kwao, basi. Aliyekuwa amegeuza shamba lake lote kuwa kibanda cha vinyago alilala njaa, na aliyekuwa na kibanda na shamba alivuka.

Somo la pili: mgeni ni wa msimu, shamba ni la mwaka. Mpokee, lakini usiuze jembe.

Wageni wa leo

Leo wageni wanakuja kwa sababu nyingine. Wanaangalia magofu ya Kaole, Mji Mkongwe, Boma la Wajerumani, na misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako waliokombolewa utumwani walipewa makazi. Mwaka 2006 serikali yetu iliiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe kwenye orodha ya awali ya UNESCO, na Bagamoyo ndio mwisho wa njia hiyo. Tuna pia chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, sasa TaSUBa, na tamasha lake la kila mwaka lililoanza mwaka 1982. Kaskazini kuna Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, ambako nyika inakutana na Bahari ya Hindi.

Ukitazama utaona kwamba bidhaa inayouzwa ni yetu. Ni historia ya mababu zetu, pamoja na uchungu wake. Ni ngoma zetu, pwani yetu, wanyama waliotunzwa na wazee wetu. Lakini mgeni anaweza kutoka Dar es Salaam asubuhi na gari la kampuni, akaja na maji yake ya kunywa na chakula kwenye boksi, akalipa kiingilio, akapiga picha, na saa kumi akarudi. Kijijini amebakisha vumbi na chupa tupu. Si mtu mbaya. Hakuna aliyemwonyesha pa kununua, wala hakuna aliyepatana na kampuni iliyomleta.

Hapa ndipo inapokuja habari ya utalii wa jamii, yaani utalii ambao wakazi wenyewe wana kauli ndani yake na wanapata fungu linalojulikana. Jina ni zuri. Ila jina tu halilishi mtu, kwa hiyo tuangalie mifano ya kweli.

Palipouma: Wami-Mbiki na Uvinje

Mwishoni mwa miaka ya 1990, vijiji 24 vya wilaya za Bagamoyo, Morogoro na Mvomero vilijiunga kutenga pori la Wami-Mbiki kwa ajili ya wanyamapori. Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 ilifungua mlango kwa vijiji kusimamia wanyama kwenye ardhi yao na kufaidi uwindaji na utalii. Wafadhili kutoka Denmark walisaidia kwa miaka mingi. Vijana wa vijiji wakawa askari wa doria, na wanyama wakaanza kuongezeka.

Kisha ufadhili ukaisha. Mapato ya pori lenyewe yalikuwa hayajafikia kulipa mishahara ya askari na mafuta ya gari. Doria zikalegea, wakaingia wachoma mkaa, mifugo na majangili. Leo Wami-Mbiki ni Pori la Akiba chini ya serikali. Vijiji vilitoa ardhi, vikatoa vijana na miaka yao, na usukani ukatoka mikononi mwao. Tatizo halikuwa uvivu. Jambo la kijiji liliendeshwa kwa fedha ya mtu mwingine, na hakukuwa na siku iliyowekwa ya kujiuliza: mfadhili akiondoka mwezi ujao, sisi tunasimama na nini?

Mfano wa pili ni Uvinje, kitongoji cha kijiji cha Saadani, cha wavuvi na wakulima. Wakazi wanasema wazee wao walikubali kuwepo kwa pori la akiba miaka ya 1960, na kwamba ardhi ya kitongoji haikuwa sehemu ya makubaliano. Upande wa hifadhi umeshikilia kwamba eneo hilo limo ndani ya mpaka. Mgogoro umedumu miaka mingi, na mtu asiyejua kama nyumba yake ni yake hapandi mnazi, kwa sababu mnazi unataka miaka.

Mimi si hakimu. Ninachokuachia ni hiki: makubaliano ya mdomo ya mwaka mmoja yanaweza kuwa kesi ya wajukuu. Mpaka uwe na ramani, ramani iwe na sahihi, na nakala ikae kijijini. Ikikaa ofisi ya mbali tu, siku ukiihitaji utaambiwa njoo kesho.

Palipotoa nafuu: Jozani na Mto wa Mbu

Vuka bahari mpaka Unguja. Pembezoni mwa msitu wa Jozani kuna kima punju, mnyama asiyepatikana pengine duniani ila Zanzibar. Kima hao walikuwa wakitoka msituni na kula kwenye mashamba ya wakulima, na watalii walikuwa wakija kuwapiga picha humo humo mashambani. Mkulima alipata hasara na mgeni akapata picha. Wakulima wakajiunga, wakadai. Tangu miaka ya 1990 sehemu ya fedha ya kiingilio ikaanza kwenda kwa wakulima wenye mashamba hayo na kwa maendeleo ya vijiji vya jirani. Katika kijiji cha Pete likajengwa daraja la mbao la kupitisha wageni ndani ya mikoko, na sehemu ya mapato ikarudi kijijini. Malalamiko hayajaisha kabisa, kwa sababu palipo na mgao hapakosi maneno. Lakini mkulima ana mahali pa kuuliza fungu lake.

Bara nako, kuanzia katikati ya miaka ya 1990, Bodi ya Utalii Tanzania na shirika la Uholanzi la SNV walianzisha mpango wa utalii wa utamaduni. Vijana wa Kimaasai wa Longido walikuwa wa kwanza, na maeneo mengine kama Mto wa Mbu yakafuata. Utaratibu wake ni rahisi: mgeni anatembezwa kwenye mashamba ya migomba, anakula chakula kilichopikwa na akina mama wa pale pale, na anapolipa, fedha inagawanywa wazi. Kuna ya mwongozaji, kuna ya mpishi, na kuna ya mfuko wa maendeleo wa kijiji kwa shule au maji. SNV ilipoondoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, vikundi vya aina ya Mto wa Mbu viliendelea. Linganisha na Wami-Mbiki. Gharama za kumtembeza mgeni shambani ni ndogo, na fedha iliingia kutoka kwa mgeni mwenyewe tangu siku za mwanzo. Kilichoanza kidogo kiliweza kusimama kwa miguu yake.

Pima kwa mambo manne

Mtu akikuambia utalii umekiinua kijiji fulani, usiulize wageni wangapi. Uliza mambo manne.

Kwanza, mfuko. Je, fedha inaingia kwenye kaya nyingi au kwa watu watatu? Je, inaingia mwaka mzima au mwezi mmoja?

Pili, moyo. Je, wakazi wanajivunia kwao zaidi kuliko zamani? Watoto wanajua habari za Kaole, au wanajua kuomba peni kwa mgeni tu? Mzee anayesimulia historia analipwa kama mwalimu, au anapigwa picha kama mnyama?

Tatu, umoja. Je, utalii umewaleta watu pamoja kwenye vikundi, au umewagawa kwa wivu, wenye viwanja ufukweni huku na wasio navyo kule?

Nne, sauti. Je, mkazi wa kawaida, mwanamke na kijana wakiwemo, anaweza kusimama mkutanoni akauliza fedha imekwenda wapi, na akajibiwa?

Kijiji kinaweza kuwa na mfuko bila sauti. Hicho kitapata zahanati mwaka huu, na mwaka ujao kitaondolewa ufukweni. Katika hayo manne, sauti ndiyo inayolinda mengine matatu.

Kabla ya kunyoosha mkono mkutanoni

Sasa nirudi kwenye kazi yangu ya ushauri. Kama kijiji chako kimeombwa eneo, fanyeni haya.

1. Jueni nguvu yenu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti na mtendaji peke yao hawawezi. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, na eneo ni hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Mkutano mkuu ni wewe, mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Ukibaki shambani siku hiyo, wengine watakunyooshea mkono.

2. Leteni ramani mkutanoni. Cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi bora ya ardhi viwe mezani. Tembeeni kwenye eneo pamoja na wazee, wavuvi na vijana. Wekeni alama.

3. Lindeni diko na njia. Andikeni wazi ngalawa zitavutwa wapi, akina mama wa mwani na wa kuokota chaza watapita wapi, makaburi yatafikiwa vipi. Kumbukeni pia Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji.

4. Ulizeni malipo ya kila mwaka badala ya fedha ya mara moja. Fedha ya mara moja huisha na sherehe yake. Kama mkataba umeandikwa kwa lugha msiyoijua, msiweke sahihi mpaka usomwe kwa Kiswahili mkutanoni, na mwanasheria wa halmashauri ya wilaya auone.

5. Ingizeni chakula kwenye mkataba. Hapa ndipo wakulima wengi hujisahau. Wanadai ajira kumi za ulinzi na kufagia, wakati jiko la hoteli linanunua mboga, samaki, nazi, mayai na matunda kila siku ya Mungu. Andikeni kwamba hoteli itaanza kununua kwa kikundi cha kijiji, kwa bei ya soko, na italipa ndani ya siku zilizotajwa. Namfahamu mama mmoja aliyepeleka mchicha na nyanya kwa mkopo miezi mitatu mahali fulani. Alipofuata fedha yake akaambiwa aliyekuwa akipokea ameacha kazi. Hakuwa na stakabadhi hata moja.

6. Mali bila daftari huisha bila habari. Kila shilingi ya mgeni iwe na stakabadhi. Mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano mkuu kila miezi mitatu, na yabandikwe ubaoni.

Na wewe mkulima mmoja mmoja

Usisubiri mwekezaji. Wapishi hawataki gunia moja la hoho leo kisha kimya wiki tatu. Wanataka kiasi kile kile kila wiki, safi, kilichochambuliwa. Huwezi peke yako, lakini mkiwa sita mnaweza. Mchicha unavunwa wiki ya tatu hadi ya nne, kwa hiyo kila mmoja apande kijaruba kipya kwa zamu, wiki baada ya wiki. Anayelima mananasi Kiwangwa, anayelima mwani Mlingotini na mvuvi wa Bagamoyo mjini wakisaidiana usafiri, wanaweza kujaza gari moja badala ya kila mtu kulipa nauli yake.

Panga kwa msimu. Wageni wa nje huwa wengi Juni hadi Oktoba, na tena Desemba hadi Februari. Wakati wa masika wanapungua, kwa hiyo mazao ya masika yaelekeze soko la kijijini na Dar es Salaam. Usimdharau mgeni wa ndani pia. Wanafunzi wanaokuja kuona Kaole, familia za Dar za Jumamosi na umati wa tamasha hula mihogo ya kukaanga, hunywa madafu na hununua nazi za kurudi nazo. Huyu hahitaji pasi ya kusafiria, na korona ilipofunga viwanja vya ndege vya dunia, ndiye aliyekuwa karibu.

Nilimrudia yule mzee kabla ya mkutano wao. Nikamwambia: Mzee wangu, mgeni alipoondoka, mwenyeji alibaki na alichokuwa amekishika. Aliyeshika shamba alibaki na shamba. Aliyeshika patano lenye tarehe alibaki na fungu lake. Aliyeshika ahadi alibaki na hadithi.

Akacheka, akasema, "Basi bwana shamba, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na huyu wa kambi tumpe jembe gani?"

Nikamjibu: mpeni mkataba. Mkutano ulipokaa, hawakumkatalia yule mtu wala hawakumkubalia. Walimwomba alete ramani na maandishi kwa Kiswahili, wakachagua kamati ya watu saba, watatu wanawake, akiwemo yule mama wa maandazi. Wavuvi walipima diko lao kwa kamba na kuliandika kwenye muhtasari.

Jibu lake bado linasubiriwa. Mihogo yao nayo imeshapata mbegu safi, na mvua zikianza wanapanda, mgeni aje au asije.